Grisi ya Ijumaa

Jumatatu, 2 Oktoba 1961. Likoni.

Daftari hili nimepewa na Bwana Harlow, mkubwa wa wapimaji wa barabara, niandike kila siku gari gani limefanywa nini. Karani wake alitaka niandike kwa herufi za Kizungu. Nikamwambia mkono wangu ulifundishwa chuo cha Kurani herufi za Kiarabu na sasa umekwisha kukomaa, akitaka kujua habari ya gari na aje aniulize. Basi halitasomwa na mtu ila mimi, Shee wa Stambuli, fundi wa uwanja huu tangu ulipofunguliwa. Kazi ya gari humaliza mstari mmoja. Nafasi inayobaki ni yangu.

Magari yetu ni majipi matatu ya kupandia milima ya Shimba na kupitia njia mbovu za huko Msambweni. La kwanza na la pili hayana neno. La tatu amepewa dereva mpya, Tsofa wa Ruwa, Mgiriama wa Kaloleni, mtu mwembamba mwenye msalaba mdogo shingoni, aliyepanga chumba Bofu na mkewe. Kuendesha anajua. Ila analisikiliza gari mno, kama mgonjwa anavyosikiliza tumbo lake.

Gari la tatu: plagi mpya.

Jumatano, 4 Oktoba.

Tsofa amerudi saa tisa, shati limemganda kwa jasho.

“Fundi Shee, lile gari linatikisa kichwa.”

“Linatikisa kichwa vipi?”

“Nikifika maili thelathini nikakanyaga shimo, magurudumu ya mbele yanaanza kupiga huku na huku. Usukani unanitoka mikononi. Na halitulii mpaka nisimame kabisa.”

Nikamwambia apunguze mwendo. Akasema amepunguza. Nikamwambia basi apunguze woga. Waliokuwa uwanjani wakacheka, naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Nimemwambia nitalitazama Ijumaa.

Ijumaa, 6 Oktoba.

Siku ya grisi. Marehemu fundi Babu wa Changamwe ndiye aliyenizoeza, tulipokuwa pamoja kwenye gereji ya jeshi wakati wa vita. Asubuhi ya Ijumaa kila tundu la grisi lipigwe bomba mpaka grisi ya zamani itoke nje, gari lifutwe liwe safi, ndipo fundi alikague. Kisha fundi naye akaoge, avae kanzu, aende msikitini. Gari chafu silishiki, na hilo wanalijua hata madereva wa gereji nyingine, wanaokuja kunitazama nikitia grisi.

Nimelipandisha la tatu kwenye jeki na kuyatikisa magurudumu ya mbele. Yamekaza kabisa. Hayana ugonjwa wowote.

Jumamosi, 7 Oktoba.

Jumamosi ndiyo siku ya kujaribu magari, maana ndiyo siku Bwana Harlow yupo. Tsofa akashika usukani, Bwana Harlow kando yake, mimi nyuma. Tukaenda mpaka Ng'ombeni, na penye mashimo Bwana Harlow akamwamuru apite kwa maili thelathini, mara tatu. Gari likapita vizuri kabisa, mimi hata kofia haikunianguka.

“Wewe nakunywa tembo?” Bwana Harlow akamwuliza.

“Sinywi, Bwana.”

Nikacheka. Nimetia sahihi cheti kwamba gari ni zima.

Jumapili, 8 Oktoba. Mvua.

Jumatatu, 9 Oktoba.

Kila Jumatatu Tsofa hupeleka ramani kisiwani na kurudi kwa feri ya saa kumi. Leo nilikuwa kivukoni upande wetu wa Likoni kununua muhogo nikamwona akishuka. Ni bamvua, maji yamelifunika gati, na magurudumu yake ya mbele yalizama baharini mpaka kwenye ekseli. Akapanda ukingo polepole, maji yakichuruzika. Magari yote hupita majini hivyo, na siku za bamvua ndiyo zaidi.

Jumatano, 11 Oktoba.

Yule yule, na neno lile lile. Linatikisa kichwa.

Nimechoka naye. Watu hawa wa nyuma ya pwani ukiwapa gari hudhani wamepewa ng'ombe, wanangoja limwelewe mtu. Na ndio hao wanaopita mitaani siku hizi kusema Mwambao huu wa pwani si wetu peke yetu sisi Waswahili, uhuru ukija tutatawaliwa sote pamoja. Atawale nini mtu anayeshindwa na usukani?

Nimemwambia Ijumaa.

Ijumaa, 13 Oktoba. Grisi magari yote. La tatu nimelikagua, limekaza.

Jumamosi, 14 Oktoba. Tumelijaribu. Halina kitu. Sahihi.

Alhamisi, 19 Oktoba.

Tsofa alikuja jana, sikuandika kwa hasira. Anasema sasa linaanza hata kwa maili ishirini na tano. Nimemwambia likifika maili sifuri aje anifahamishe.

Jumamosi, 21 Oktoba. Tumejaribu. Hakuna. Sahihi. Mvua inanyesha tangu alfajiri, wazee wanasema vuli hii si ya kawaida.

Jumatatu, 23 Oktoba. Bamvua tena. Gari la pili: feni.

Jumatano, 25 Oktoba.

Leo tumegombana mbele ya watu. Tsofa ameliingiza gari uwanjani, ameliacha mlango wazi, akaja akasimama juu yangu nami niko chini ya injini ya gari la kwanza.

“Twende, fundi.”

“Twende wapi?”

“Ng'ombeni. Leo. Si Jumamosi. Nawe ndiye ukae mahali pangu ushike usukani.”

“Leo si siku ya kujaribu.”

“Kwa nini isiwe siku? Gari ni lile lile, barabara ni ile ile. Nakuomba, fundi. Nyuma ya gari lile huketi watu watano. Masha yule mshika mnyororo wa kupimia, tukifika mteremkoni mwa Kwale, ananigongea nisimame ashuke atembee kwa miguu. Anaona bora aloe mvua.”

Nikatoka chini ya gari. Nilikuwa na spana mkononi na kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Nikamwambia mimi si taniboi wake wa kuchukuliwa nikapunge upepo, na gari lake lina matope mpaka ndani, na gari chafu silishiki. Nikamwambia kama mikono yake haina nguvu, akalime.

Bwana Harlow akatoka ofisini kwa kelele hizo. Akamwambia Tsofa lalamiko moja tena, kazi basi.

Tsofa akaenda kulifunga mlango lile gari. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na hilo nalo lilinikera.

Nyumbani nimemhadithia mke wangu Kulthum. Akaniuliza, “Baba Zubeda, mtu mwoga hurudi kila wiki kwa kitu akiogopacho?” Nikamwambia mambo ya magari hayajui.

Ijumaa, 27 Oktoba. Grisi. Limekaza.

Jumamosi, 28 Oktoba. Limejaribiwa. Sahihi.

Jumatano, 1 Novemba.

Tsofa amerudi, ameegesha, ameniamkia, amekwenda zake. Jumatano ya kwanza bila lalamiko. Gari limepona kwa kutishwa dereva. Ningejua ningemtisha mapema.

Ijumaa, 3 Novemba. Grisi. Mvua kubwa, nimelowa kanzu njiani.

Jumamosi, 4 Novemba. Bwana Harlow amesema hakuna haja ya kujaribu, aliyekuwa akilalamika amekoma. Sahihi.

Jumatatu, 6 Novemba. Daraja moja la njia ya Kwale limechukuliwa na maji. Feri ilichelewa. Maji ya gati juu.

Jumatano, 8 Novemba.

Masha amekufa.

Naandika ilivyo, kwa kuwa kesho kila mtu atakuwa na yake. Saa nane na nusu gari la pili limekuja mbio likipiga honi tangu barabarani. Dereva wake akasema la tatu limepinduka mteremkoni mwa Kwale. Tukaenda na Bwana Harlow. Gari lilikuwa limelalia ubavu wa kushoto mtaroni, magurudumu ya kulia juu. Wapimaji wawili walikuwa wameketi ukingoni wamevunjika miguu, wengine wawili wamekwaruzika tu. Masha alikuwa chini ya gari. Tulilinyanyua watu kumi, lakini alikuwa amekwisha zamani. Leo hakushuka atembee, kwa sababu mvua ilikuwa ikimwagika na Tsofa mwenyewe alimwambia aketi, atakwenda polepole.

Tsofa alikuwa amesimama kando na damu sikioni. Polisi walikuwa wamekwisha kumshika mkono. Wakamnusa mdomo mara mbili. Bwana Harlow akawaambia huyu ni dereva mbaya, fundi wake ana vyeti, na gari lilijaribiwa mara nyingi mbele yake. Kisha akanigeukia. Nikasema ndiyo.

Tsofa hakunitukana. Akaniambia, “Fundi, lilitikisa kichwa.” Wakampandisha.

Nina hasira naye. Namwonea hasira kwa kumketisha Masha.

Alhamisi, 9 Novemba. Masha amezikwa kwao Tiwi. Sikwenda. Nilikuwa na breki za gari la kwanza. Lile la tatu limekokotwa mpaka uwanjani.

Jumatatu, 13 Novemba.

Kortini, kisiwani. Tsofa ameshitakiwa kwa kumuua mtu kwa kuendesha ovyo. Nikapewa Msahafu, nikaapa. Hakimu akauliza kwa mkalimani kama gari lilikuwa zima.

“Zima.”

“Una hakika?”

“Wallahi lilikuwa zima. Nililikagua mwenyewe kila Ijumaa.”

Nilisema kwa sauti, mpaka watu wa nyuma wakasikia. Tsofa alikuwa kizimbani akiitazama mikono yake. Mkewe, Sidi, alikuwa ameketi nyuma na kofia ya mumewe mapajani. Kesi imeahirishwa mpaka Jumatano tarehe 29, ili wale waliovunjika miguu waweze kuja. Wamemrudisha gerezani. Watu wanasema hatafungwa chini ya miaka mitatu.

Ijumaa, 17 Novemba. Grisi magari mawili.

Jumanne, 21 Novemba. Maji kila mahali. Redio inasema treni zimesimama.

Jumatano, 22 Novemba.

Bwana Harlow anataka gurudumu la mbele la kulia la gari lililopinduka, na vyuma vyake vyote, vitiwe kwenye la kwanza. Upande wa kulia haukuguswa na ajali. Gari limekaa mvuani siku kumi na tatu na hakuna aliyelipiga grisi, gari la maiti nani atalipiga grisi.

Nikalipandisha kwenye jeki. Kwa kuwa lilikuwa la kuvunjwa tu sikuhangaika na usafi, nikalishika gurudumu juu na chini lilivyo na matope yake, nikalitikisa.

Likacheza. Likacheza upana wa kidole, na chuma kikagonga ndani.

Nikasema ni ajali. Mkono wangu, kwa mazoea, ukachukua bomba la grisi. Sijui kwa nini. Miaka kumi na minane mkono huu haujafungua pini ya gurudumu bila kuipiga grisi kwanza. Nikapiga mpaka ya zamani ikatoka, na ya zamani haikuwa grisi, ilikuwa maji ya chumvi yenye rangi ya chai ya maziwa. Nikapiga mpaka ikatoka nzuri. Nikalitikisa tena.

Limekaza kabisa. Halikugonga, halikucheza. Ningetia sahihi.

Nikaketi chini kwenye matope. Baadaye nikalifungua. Pini inayobeba gurudumu imelika upande mmoja kama muwa uliotafunwa, na bushi yake, kile kipete cha chuma kinachoizunguka, imebaki nyembamba kama karatasi. Kutu ya wiki mbili naijua. Hii ni ya miezi. Grisi yangu nzito ilikuwa ikijaa pale palipolika na kulishika gurudumu siku mbili tatu, kisha bahari inaiosha.

Pini na bushi nimezifunga kwenye kitambaa. Ziko kwangu.

Alhamisi, 23 Novemba.

Sikwenda kazini. Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo.

Jumatatu, bahari. Jumatano, Tsofa. Ijumaa, grisi. Jumamosi, sahihi. Wiki baada ya wiki, kwa mkono wangu, hakuna hata moja iliyokosea. Alikuwa akiniletea gari kila lilipokuwa gonjwa, nami nikilitazama kila nilipokwisha kuuficha ugonjwa. Angenipata Jumatano moja tu tungelijua. Aliniomba Jumatano ile. Aliniomba mbele ya watu, na mimi nilikuwa nikiwatazama hao watu.

Na grisi si kisingizio. Madereva wengine wakilalamika, mimi hulala chini ya gari nikatazama. Huyu nilimwona msalaba na kwao kabla sijaliona gari lake. Nimeona haya kusoma niliyoyaandika, na mimi ndiye niliyeyaandika.

Nimemwambia Kulthum yote. Alikuwa akikuna nazi.

“Ushaapa,” akasema.

“Nimeapa.”

“Uliapa hujui. Sasa wajua.” Akaendelea kukuna.

Ijumaa, 24 Novemba.

Nimemwonyesha Bwana Harlow ile pini. Akaigeuza, akaiweka mezani, akafuta vidole.

“Gari nakwisha anguka. Chuma navunjika. Basi.”

“Haikuvunjika, Bwana. Imelika. Na mimi nimeandika siku zote.”

“Wapi?”

Nikampa daftari. Akalifungua, akalitazama kichwa chini miguu juu, akapindua kurasa tatu nne. Akanirudishia. “Hii nasema nini, mimi najua? Wewe nasema kortini gari mzima. Nasema tena gari mbaya, wewe ongo. Na kazi hapana.”

Nikaichukua pini yangu.

Leo sikupiga grisi. Nimeyatazama magari kwanza, machafu yalivyo. La pili zima. La kwanza linacheza, nusu ya kidole. Nimelitoa magurudumu ya mbele nikayaweka stoo na ufunguo ninao, na afanye atakalo. Mpaka namaliza, msikiti ulikuwa umekwisha kusalisha. Tangu vita sijakosa Ijumaa.

Jumapili, 26 Novemba.

Nimekwenda Bofu. Sidi alikuwa ametoka kanisani, bado ana viatu mkononi kwa ajili ya matope. Hakunikaribisha. Nikabisha hodi mara ya pili naye yuko mlangoni ananitazama.

“Umekuja kuapa tena?”

Nikamwambia nimekuja kusoma. Akanitolea kibao, yeye akabaki amesimama nyuma ya bega langu. Kusoma hajui, herufi zangu wala za kanisani kwake. Nikaanza tarehe 2 Oktoba, nikipitisha kidole kutoka kulia. Nikasoma Jumatano ya kwanza. Nikasoma Ijumaa, Jumamosi, na lile la tembo. Nikafika tarehe 11.

“Kidole kimeruka,” akasema.

“Kimeruka wapi?”

“Hapo. Kilikuwa kikienda pole pole, kikaruka mistari kama minne. Mimi hushona, Bwana Shee, mshono ulioruka nauona. Hapo pana nini?”

“Si mambo ya gari.”

“Ni mambo ya nani?”

Nikasoma. Nikasoma ya ng'ombe, na ya atawale nini mtu anayeshindwa na usukani. Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia niongeze. Nikasoma ya kulima. Nikasoma gari limepona kwa kutishwa dereva. Huko nyuma ya bega langu nilimsikia akivuta pumzi mara moja tu, kwenye lile la ng'ombe.

Nilipomaliza nikamwambia naomba radhi. Alikaa chini mwishowe, akaweka viatu kando.

“Jumatano utayasoma haya?”

“Nitasoma. Siku za bahari, siku za grisi, siku alizokuja. Pini ninayo.”

“Na ya ng'ombe?”

“Hayo hayamsaidii, mama. Yatamwaibisha bure mbele ya watu.”

“Ndiyo yatakayomsaidia,” akasema. “Ukisoma mazuri peke yake, yule Mzungu atasema umeyaandika jana usiku kwa kumwonea Tsofa huruma. Mtu mwenye huruma hawezi kuandika yale. Watajua uliyaandika siku ile ile, ukiwa unamdharau.”

Nimeyazunguka maneno yake njia nzima na sijaona pa kuyakatia.

Jumatatu, 27 Novemba. Bwana Harlow ameniachisha kazi. Nimemwachia ufunguo wa stoo na karatasi kwa karani, kwa herufi za Kizungu, zimepinda kama za mtoto: gari la kwanza lisitoke.

Jumanne, 28 Novemba.

Kulthum amenifulia kanzu. Nilimwuliza kama ataona haya jirani wakisikia mumewe aliapa kortini uwongo, na aliyoyaandika. Akasema, “Nitaona haya. Nenda.”

Jumatano, 29 Novemba. Kortini.

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje, kwa kalamu ya risasi. Waliovunjika miguu wamekwisha kusema. Wote wawili wamesema lilitikisa kichwa, na wote wawili wameambiwa kwamba wao si mafundi. Mkalimani amelitazama daftari, hajui herufi hizi. Hakimu amekubali nilisome mwenyewe, mstari kwa mstari, naye afasiri. Anaweza kunifunga kwa kiapo cha kwanza. Nimeambiwa.

Nikisimama pale Tsofa atakuwa hatua nne mbele yangu, na atasikia kila neno, kwanza kwangu kwa Kiswahili kisha kwa mkalimani kwa Kizungu. Atayasikia mara mbili.

Karani wa korti ametoka, ameita jina langu. Sidi ameinuka kabla yangu. Ameomba kuketi benchi la mbele, wamemkubalia. Ameniambia hatanitazama usoni, atatazama kidole.